Mgongo wa Mama Mdogo

Nilikua nikijua kwamba mama mdogo aliniangusha. Siwezi kusema niliambiwa lini, kwa sababu nyumbani kwetu Rumonge hiyo haikuwa habari tena. Ilikuwepo tu, kama ukuta wa nyumba. Nyonga yangu ya kushoto hupanda na kushuka nikitembea, mguu wa upande huo ni mfupi kidogo, na mgeni akitupa jicho tu, mama alimjibu kabla hajauliza: "Ni mudogo wangu. Alimuangusha angali mutoto."

Kisa chenyewe ni kifupi. Mama mdogo, ndugu wa tumbo moja na mama, alikuwa bado msichana alipoletwa kwetu kunilea wakati mama akiuza sokoni. Siku moja alinifunga mgongoni akateremka ziwani kuosha sufuria. Mawe yalikuwa na utelezi. Alianguka, nikaanguka naye, nikachubuka paji la uso, na sufuria moja ikaondoka na maji. Nililia, nikanyonyeshwa, nikalala. Hakuna aliyelifikiria tena jambo lile mpaka umri wa kutembea ulipofika ukapita, na hatimaye nilipotembea, nikatembea kwa kuyumba. Hapo watu wakaanza kutafuta sababu, wakayakumbuka yale mawe.

Mama mdogo akarudishwa kwa bibi, kule Minago, na tangu hapo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyempa mtoto ambebe. Kwenye harusi na akika alikabidhiwa mwiko na sufuria kubwa. Mtoto mchanga alipitishwa kutoka paja hadi paja, na akikaribia kwake anarukwa, taratibu, kwa tabasamu, kama vile imetokea tu. Naye hakuwahi kunyoosha mikono. Hakujaliwa kuzaa, na niliwahi kumsikia shangazi mmoja akisema Mungu anajua anachofanya. Nilikuwa mdogo, lakini nilitamani kumzaba kofi.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nauza ndagala, dagaa wa ziwani, soko la Rumonge, na wale waliodhani mtu anayechechemea ni rahisi kumsukuma kutoka nafasi yake walirudi kwao wakiwa wameufyata. Nimeolewa na dereva wa pikipiki ambaye siku ya posa aliniambia kwamba yeye ataendesha na mimi nitakaa nyuma, kwa hiyo habari ya miguu haimhusu. Nilicheka, nikamkubali palepale.

Nilipopata mimba, hata hivyo, nilishikwa na woga nisioujua. Sikuogopa kwamba mtoto atazaliwa kama mimi, kwani mimi nilizaliwa mzima, niliangushwa. Niliogopa migongo ya watu.

Binti yangu alikaa tumboni makalio yakiwa chini mpaka mwisho, ikabidi nipasuliwe. Nilipozinduka, muuguzi alikuwa kando ya kitanda akiuliza maswali yake ya kawaida, na moja nalisikia hadi leo: "Mu familia, kuna mutu alizaliwa na shida ya nyonga?" Ulimi wangu ulikuwa bado mzito kwa dawa ya usingizi. Aliyejibu ni mama. "Hapana, muganga. Huyu munaona anachechemea, yeye alianguka. Sisi tunazaa watoto wazima." Muuguzi akashukuru, akaenda kitanda cha pili. Mtoto wangu alikuwa na kila sababu ya kupimwa nyonga siku ile, na hakupimwa, kwa ajili ya sufuria iliyochukuliwa na maji miaka mingi iliyopita.

Nyumbani mama, tunayeishi naye, alishika usukani. Kila asubuhi alimwogesha mjukuu wake kwa maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta, kisha akamnyoosha miguu. Aliivuta ikawa sambamba, akabana magoti pamoja, akamzungushia kipande cha kitenge kuanzia kiunoni hadi vifundoni. "Miguu inanyooshwa ikiwa laini," alisema. "Hatutaki wa pili." Na kumbeba mgongoni ilikuwa marufuku, kwa jirani, kwa wifi, hata kwangu. Rumonge mtoto asiyeonekana mgongoni mwa mtu ni kioja. Wanawake wa sokoni waliniuliza kama nimezaa yai.

Siku ya chanjo ya kwanza tulikwenda wote wawili, mimi na mama. Muuguzi alipofungua kile kitenge ili apate paja la kuchoma sindano, alisita. Mikunjo ya paja la kushoto haikulingana na ya kulia. Akamwita kine, ndivyo tunavyowaita wanaotibu viungo kwa mikono na mazoezi, mwanamke mwenye umri kama wangu aliyekuwa akipita na kikombe cha chai.

"Nani amemufunga hivi?" akauliza.

"Ni mimi," mama akajibu, kifua mbele.

Kine aliweka chai yake chini. Akamlaza binti yangu mezani, akamkunja magoti, akaanza kumfungua mapaja polepole kwa viganja viwili. La kulia lilikwenda likakaribia kugusa meza. La kushoto lilikwama njiani. Akalijaribu tena akilinyanyua kwa vidole, kisha akanishika mkono, akaniwekea kidole changu pale pale nyuma ya nyonga. Nikasikia kitu kikiingia mahali pake, na alipolegeza, kikitoka. Kilikuwa kama mfuniko wa sufuria usiokaa sawa.

"Inaingia na kutoka," akasema. "Nyonga yake haina nafasi ya kutosha kukaa." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, mama, tembea kidogo nikuone."

Tangu utotoni watu waliponiambia nitembee wanione, ilikuwa ni kwa ajili ya kucheka. Nilitembea hadi mlangoni na kurudi nikiwa nimenuna.

"Walikuambia ni nini?"

"Niliangushwa."

Hakubisha. Aliandika karatasi mbili za kwenda Bujumbura: mtoto apigwe ekografi, ile picha ya mawimbi, na mimi nipigwe radio, picha ya mifupa. Nikamwambia mimi sikuja kwa ajili yangu. "Najua," akasema. "Nenda tu." Kile kitenge cha kufungia miguu alikikunja akamrudishia mama, akamwambia asimfunge tena hivyo, kwa sababu ukinyoosha miguu ya mtoto mchanga kwa nguvu unaisukuma nyonga nje. Mama alikipokea kama mtu aliyetukanwa.

Mume wangu alinipeleka Bujumbura kwa barabara ya kando ya ziwa. Njia nzima nilimtazama binti yangu nikiwaza jambo moja tu: asitembee kama mimi. Mengine yote nilikuwa tayari kuyapoteza. Nilijua ni nini kinachomngoja, shuleni, kisimani, siku ya posa, na si kila mtu hupata dereva mwenye maneno mazuri.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alikunja ngumi moja akaiweka ndani ya kiganja cha mkono wa pili. "Nyonga ni hivi. Ngumi ni kichwa cha mufupa wa paja, kiganja ni kikombe chake. Kwa mutoto wenu, kikombe hakina kina, kwa hiyo ngumi inateleza." Akatuonyesha kwenye picha ya ekografi. Mimi niliona mawingu tu. Lakini nilisikia vizuri aliposema kwamba mfupa wa mtoto mchanga bado ni laini, na kichwa kikirudishwa mahali pake na kushikiliwa pale, kikombe hukua kikikizunguka. "Mumemuleta mapema. Akivaa mikanda, asivuliwe ovyo, iko na nafasi nzuri sana ya kutembea sawa."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mume wangu akanikanyaga mguu kidogo nipunguze.

Kisha daktari akaitundika radio yangu kwenye kioo chenye taa. Sikuwahi kujiona ndani. Upande wa kulia kulikuwa na mviringo umekaa ndani ya mviringo, safi kabisa. Upande wa kushoto kikombe kilikuwa bapa kama kisosi, na kichwa cha mfupa kilikuwa kimepanda juu, mbali na kikombe chake, kikajichimbia kishimo kingine.

"Humu hamukukaa kitu hata siku moja," akasema akigusa kile kisosi. "Wewe ulizaliwa hivi, mama. Sawasawa na mutoto wako."

"Mimi niliangushwa, dogiteri. Kila mtu anajua."

"Inawezekana ulianguka. Watoto wote wanaanguka. Lakini kama mufupa ungevunjika, ningeona alama. Hapa hakuna. Hiki kikombe hakikukomaa tangu tumboni." Akazima taa. "Hakuna mutu alikuharibu."

Nilianza kucheka. Mume wangu alidhani nimechanganyikiwa. Halafu nikalia, na si kwa uchungu wa mguu wangu, huo nilishauzoea. Nililia kwa hasira. Niliona ule mwiko. Niliona harusi zote na akika zote, na yule mwanamke amesimama kwenye moshi akikoroga chakula cha watu wanaomruka.

Tuliporudi Rumonge nilizipeleka karatasi hospitali. Kule, kila ugonjwa hupewa kode yake, herufi na namba, na anayeziingiza kwenye kompyuta ni bwana mmoja wa makamo anayening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu. Alisoma karatasi ya binti yangu, akabonyeza. "Q," akasema. "Q ni ya kasoro ambazo mutu anazaliwa nazo. Na namba hizi zinazofuata ni za nyonga." Nikaomba anionyeshe na yangu, kwa sababu niliandikishwa pale siku ya kujifungua. Akaifungua. Yangu ilianza na T.

"T ni nini?"

"Mabaki ya ajali ya zamani. Si walisema ulianguka?"

"Ibadilishe."

"Mama, hiyo haina shida. Mutoto ndiye mugonjwa. Yako ni ya zamani, tuiache."

"Ni ya uongo. Ibadilishe."

Nyuma yangu foleni ilianza kuguna. Mwanamke mmoja akauliza kwa Kirundi kama nimekuja kununua hiyo herufi. Nikamgeukia nikamwambia ndiyo, na sitoki bila yake. Nikaweka karatasi ya daktari juu ya mashine, nikaweka kiwiko juu ya karatasi. Yule bwana akavaa miwani, akasoma taratibu, akasoma tena. Sura yake ikabadilika.

"Kumbe mumezaliwa nayo nyote wawili," akasema. "Basi hii si kitu kidogo. Ukizaa tena hapa, muganga akifungua fishi yako humu kwenye kompyuta anakuta Q. Mutoto anapimwa siku ileile. Hatahitaji kumuuliza mama yako."

"Ndiyo nasema."

Akabonyeza. T ikaondoka, Q ikakaa. Akageuza kioo cha kompyuta nikaona kwa macho yangu, kisha akacheka akasema tangu akalie kiti kile hajagombezwa na mtu kwa ajili ya herufi moja. Nilitoka pale nikichechemea kama siku zote, lakini nilihisi nimevalishwa nguo mpya.

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Binti yangu alikuwa sasa ndani ya mikanda, vitambaa vya mabega na vishikio vya miguu vilivyomweka magoti juu na mapaja wazi, kama chura. Mama alimtazama akafunika mdomo. Nikamweleza yote, ngumi na kiganja, kisosi, Q. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa chini polepole.

"Kwa hiyo ni tumbo yangu," akasema.

Sikutegemea hilo. Nilikuja nimejiandaa kugombana, naye akaniambia kwa mara ya kwanza kwamba mama mkwe wake alikuwa amekwisha kusema, nikiwa bado natambaa ilhali wenzangu wanatembea, kwamba mwanamke anayezaa vilema arudishwe kwao. Yale mawe ya ziwani yalimwokoa. Alimtoa mdogo wake akabaki na ndoa yake. Nilimwonea huruma na bado nilikuwa na hasira naye, vyote viwili, na hadi leo sijui kipi kilikuwa kikubwa kuliko kingine.

"Hata langu, basi, ni tumbo lile lile," nikamwambia. "Na mtoto aliyetoka humo anatibiwa. Mama, hili si kosa la tumbo. Daktari alisema hakuna aliyeharibu kitu. Lakini wewe uliharibu mtu."

Jambo lilikuwa moja, na lilikuwa mbele yetu likilia kutaka maziwa: mtoto alihitaji mgongo. Kine alikuwa amenieleza kwamba mkao ambao ile mikanda inautaka ndio mkao wa mtoto aliyebebwa vizuri, magoti juu, mapaja yamekumbatia kiuno cha anayembeba. Shingo ikishakaza, abebwe kadiri iwezekanavyo, mikanda ikiwa bado mwilini, na hata ikitoka aendelee kubebwa. Ilipokaza nilijaribu, lakini mimi nikimbeba kwa muda mfupi tu nyonga yangu inawaka moto. Mume wangu alimbeba kifuani ndani ya nyumba, mlango umefungwa, wenzake wa pikipiki wasimwone. Jirani waliiogopa ile mikanda, walisema mtoto amefungwa kama mbuzi wa sikukuu. Na mama aliogopa migongo yote, kwa sababu mtu akirudia uongo miaka mingi huanza kuuamini.

"Wangu hauwezi, na wako hautaki," nikamwambia mama. "Naenda Minago."

Mama mdogo alikuwa uani kwake, akichemsha chikichi kwenye pipa. Aliponiona na mtoto alirudi hatua nyuma, ndivyo alivyozoea.

"Amahoro, mwanangu. Ingia ndani, hapa kuna moshi. Mutoto asiumie macho."

"Mama mudogo, nimekuletea umubebe."

"Mimi sibebi mutoto. Unajua."

Nikamwambia. Sikupamba. Nilisema nilipigwa picha ya mifupa, na mifupa imesema nilizaliwa hivi, na huyu naye amezaliwa hivi, na hakuna aliyemwangusha yeyote kati yetu. Alikuwa akikoroga. Aliendelea kukoroga.

"Lakini nilianguka," akasema. "Mimi nakumbuka. Kulikuwa na damu."

"Ulianguka. Nikachubuka uso. Uso ukapona. Nyonga ilikuwa imetoka kabla, tangu tumboni kwa mama."

"Kabla ya mawe?"

"Kabla ya mawe."

"Nani amesema?"

"Dogiteri wa Bujumbura. Na iko kwenye kompyuta ya hospitali. Nimewafanya waiandike."

Aliuacha mwiko ndani ya pipa. Alikwenda kwenye ndoo akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akajifuta, akanawa tena. Nilidhani atalia, nikajiandaa kulia naye. Badala yake akaja mbele yangu, akageuka, akainama, akanipa mgongo wake.

"Mufunge wewe," akasema. "Mimi sijui kama bado nakumbuka."

Alikumbuka. Nilipomweka tu, mkono wake mmoja ulirudi nyuma ukamshika mtoto makalio, na wa pili ukavuta kitenge hadi kwenye mikunjo ya magoti, kama mtu aliyefanya kazi hiyo jana. Kisha akaanza kutembea. Alizunguka uwanja wake wote, akapita jikoni, akapita kwenye migomba, akarudi. Chikichi ziliungua siku ile. Hakuna aliyejali.

Alihamia kwetu. Kine alimfundisha jinsi ya kukishika kitenge kisibane miguu, naye alilishika somo lile kama sala. Alfajiri alikuwa tayari ameinama kando ya kitanda akisubiri afungiwe mtoto. Alikuja naye sokoni kila siku, na wale wenye midomo walipoanza na habari ya mbuzi wa sikukuu, mama mdogo aliinamisha macho, mimi nikapanda juu ya kiroba changu cha ndagala nikawaeleza mambo ya nyonga kwa sauti ambayo nadhani ilifika hadi Kizuka, mbali kule. Siku hiyo mwanamke mmoja aliyenicheka sana alikuja baadaye, kimya kimya, kuniomba nijaribu kumtazama mjukuu wake miguu. Nikamwambia mimi ni muuza samaki, nikampeleka kwa kine.

Kila tuliporudi kupima, kine aliweka vidole vyake pale pale. Ule mfuniko ulikuwa umekaa. Ekografi ya pili ilionyesha kikombe kinaongezeka kina. Mikanda ikaanza kuvuliwa saa chache, kisha mchana kutwa, kisha ikawekwa kando kabisa. Mgongo ukabaki. Binti yangu alinenepa pale juu, akajifunza kupiga makofi pale, na neno lake la kwanza alilisemea kwenye sikio la mama mdogo, kwa hiyo sisi wengine hatulijui.

Mama alikuwa akitutazama. Siku moja alitoka chumbani na kitenge kipya kilichokunjwa vizuri, akakiweka pajani mwa mdogo wake. "Hiki chako kimechakaa," akasema, akaondoka. Mimi nilikasirika. Nilitaka maneno, nilitaka ayaseme mbele ya wale waliokuwa wakimruka. Mama mdogo akakifungua, akakinusa, akasema rangi zake ni nzuri.

"Umeridhika na hicho?" nikamuuliza.

"Wewe kazi yako kugombana," akanijibu. "Niache na kitenge changu."

Binti yangu alianza kutembea wakati watoto wa rika lake wanatembea. Nilijifungia chumbani nikamtazama kutoka nyuma, peke yangu kwanza, kwa sababu sikutaka mtu aone uso wangu kama jibu lingekuwa baya. Alikwenda kutoka kitandani hadi dirishani, makalio yake madogo yamelingana, kushoto na kulia, hakuna linalopanda kuliko lingine. Nikamgeuza nikamwambia rudi. Akarudi hivyo hivyo. Nilipiga kigelegele hadi mume wangu akaacha pikipiki inanguruma nje. Radio ya hospitali ilikuja kuthibitisha baadaye, mviringo ndani ya mviringo, lakini mimi nilikwisha kuisoma.

Mwisho wa mambo ulikuja kwenye akika ya mtoto wa binamu yangu, uani kwetu, ukoo wote umejaa hadi barabarani. Mama mdogo, kwa mazoea, alikuwa ameelekea kwenye sufuria kubwa. Mama akamwita. Akamwambia akae mkekani, karibu naye. Mtoto mchanga alipoanza safari yake ya paja hadi paja, yule shangazi wa "Mungu anajua anachofanya" alinyoosha mikono kumpitisha ng'ambo. Mama akampokea mtoto njiani, na mbele ya watu wote akamlaza pajani mwa mdogo wake.

"Huyu hakumuangusha mutu," akasema. "Mutoto wangu alizaliwa hivyo, kwa tumbo yangu mimi. Musimurukage tena."

Palepale binti yangu, aliyekuwa akifukuzana na kuku, akajikwaa kwenye jiwe la jiko akaanguka kifudifudi, puu, mbele ya ukoo mzima. Ukoo mzima, kwa mazoea ya miaka, ukageuza shingo kumtazama mama mdogo.

Binti yangu akainuka. Akajitazama viganja, akaona kuku anakimbia, akamfuata, miguu yote miwili ikigonga ardhi sawasawa.

"Huyu sasa ndio ameanguka," mama mdogo akasema, bado amempakata yule mchanga. "Na mimi nilikuwa nimekaa hapa, nimeshika mwengine. Mumeniona wote."

Mama ndiye aliyeanza kucheka.